Waliofagia Kinamasi

Watu wa kwetu wana dini mbili. Moja ni ile ya Jumapili, na hiyo wanaweza kuikosa mvua ikiwa kubwa. Ya pili ni kufagia, na hiyo haikosi mtu. Kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Nyambene, kila uwanja upande wetu wa Muthara umeshapigwa ufagio mpaka udongo mwekundu umebaki uchi, na alama za ufagio zimepangika mistari mistari. Mvua ikija mchana, udongo huo wote unateremka bondeni, na kesho yake watu wanaamka kufagia kilichobaki. Nimeona nyumba ambazo misingi yake imebaki ikining'inia hewani kwa sababu uwanja umefagiwa ukaisha. Ukimuuliza mwenye nyumba, anakwambia nyumba inapanda.

Nayasema haya kwa dharau, na mtu asinitafutie neno laini zaidi. Nimefundisha jiografia ya sekondari miaka mingi mjini Meru, na kila mwaka nimechora ubaoni mto unaotoka mlimani, unaokusanya vijito njiani, unaoingia Tana na kumwagika baharini. Wanafunzi wananakili vizuri sana. Mto wanaupaka buluu, bahari wanaipaka buluu iliyokolea. Kisha wanaenda nyumbani likizo, wanapulizia miraa ya baba dawa ya wadudu, na wakimaliza wanasuuza pampu katika mto uleule waliouchora. Mtihani wanapita.

Chini ya boma la mama yangu palikuwa na chemchemi. Nikisema chemchemi, usifikirie ukuta wala bomba. Ilikuwa bonde dogo lenye kinamasi, labda nusu ya uwanja wa mpira, limejaa matete na mafunjo marefu kuliko mtu, mikuyu miwili imesimama ukingoni, na vyura waliopiga kelele hadi mgeni akashindwa kulala. Maji yalitoka sehemu kadhaa chini ya matope, yakazunguka polepole kwenye mizizi, na kufika upande wa chini penye mawe ya kuchotea yalikuwa meupe na baridi ya kuuma meno. Kiangazi kikifika, mito ya majirani ikabaki mawe na mbuzi, yetu ilipungua kidogo tu. Watu walitoka mbali na jerikeni zao, na mama aliwapokea kana kwamba maji yametoka jikoni mwake.

Mama alikuwa amebaki peke yake bomani tangu baba afariki. Kaka yangu anauza vitunguu na viazi kwa jumla pale soko la Gakoromone, biashara imemkubali, na amejenga nyumba mjini yenye bomba ndani na choo ndani. Kwa miaka alimbembeleza mama ahamie kwake. Mama alikuwa na jibu moja tu. Ataondoka siku chemchemi itakapoondoka, si kabla.

"Mimi niliolewa na haya maji," alikuwa akisema kwa Kimeru. "Baba yenu nilimkuta tu hapa."

Kaka alinuna, mimi nilicheka, na mambo yakabaki hivyo. Lakini nilielewa maana yake. Maji yakiwapo, mama yupo kwake. Na mama akiwapo kwake, mimi pia nina kwetu, kwa sababu nyumba ya kupanga mjini, hata uitundikie mapazia namna gani, si kwenu.

Sasa niseme kuhusu kamati. Chemchemi ile ilikuwa na kamati ya kuihifadhi, na mwenyekiti wake alikuwa mtu mwenye agroveti pale sokoni Muthara. Yaani mtu aliyeuza zile dawa za kupulizia miraa ndiye aliyechaguliwa kuyalinda maji yasiingiwe na dawa. Hakuna aliyeona ajabu. Ndiye mwenye gari, walisema, na anajua kuongea na wageni. Fisi naye anajua kuongea na mbuzi, nikawaambia, na wakacheka wakidhani natania.

Kamati ilikuwa na fulana za kijani. Ilikuwa na bango barabarani, kubwa kuliko kinamasi chenyewe. Kila mwaka ilipanda miti mahali pamoja, karibu na bango, kwa kuwa hapo ndipo wapiga picha wanafika bila kuchafua viatu. Miche ililiwa na mbuzi, na mwaka uliofuata mashimo yaleyale yalizibuliwa yakapandwa upya. Mashimo yale yalikuwa yamepandwa mara nyingi hivi kwamba yalistahili kupewa hatimiliki.

Basi ikaja habari kwamba tunatembelewa. Kikundi cha wanawake na wanaume wanaopanda mikoko huko mto Tana unakoingia baharini kilikuwa kinasafirishwa na shirika fulani kuja juu, kuona maji yao yanatoka wapi. Matope yalikuwa yanawashukia kwa wingi, yanafunika miche yao, na walitaka kukutana na watu wa mlimani wazungumze kama majirani wa mto mmoja. Mimi nilifurahi. Ule mstari niliouchora ubaoni miaka yote ulikuwa unakuja kwetu kwa miguu yake.

Mwenyekiti alifurahi kwa sababu nyingine. Alikuwa ametembelea Embu, akaonyeshwa chemchemi moja iliyojengewa ukuta, mawe yamepakwa chokaa, na maua yamepandwa ndani ya magurudumu makuukuu. Alirudi amejaa wivu. Watu wa Meru wanaweza kuvumilia mambo mengi, lakini si kushindwa na Embu.

Mkutano uliitwa katika ukumbi wa kanisa, siku moja ya likizo ya Agosti. Nilikuwapo, na mama alikuwapo, ameketi benchi la akina mama na kitambaa chake cheupe kichwani. Walizungumza kuhusu mbuzi wa kuchinja, hema, viti, na nani ataomba kabla ya chakula na nani baada. Halafu mwenyekiti akasimama.

"Sasa kuna ile maneno ya usafi," akasema. "Hawa wageni wanatoka mbali, kwa bahari. Wakikuta ile bush hapo chini watasema sisi ni watu gani? Lazima tu-clean hiyo place."

Nilinyoosha mkono. Nikasema hicho anachokiita kichaka ndicho kinachoshika maji. Matete na matope vinayanyonya wakati wa mvua na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa jua. Ukiviondoa, maji yote yanateremka siku moja, na Februari unabaki unatazamana na mawe. Nikasema wageni wenyewe wanapanda matope, kwa namna ya kusema, na watashangaa wakikuta sisi tunayang'oa.

"Mwalimu," akasema mwenyekiti, ananitazama kwa huruma. "Hiyo ni ya kitabu. Wewe unakaa taoni. Sisi ndio tunakaa na nyoka."

Ukumbi mzima ukacheka. Kura ikapigwa kwa mikono, na mikono ikapanda kama ya watoto walioulizwa nani anataka mandazi. Nilimtazama mama. Alikuwa anaangalia viganja vyake, kimya, na kimya kile nikakichukua kuwa chake na changu. Nilirudi mjini kusahihisha karatasi nikiwa na imani kwamba yeye, anayekaa mita chache kutoka pale, hataruhusu mtu kuingia na panga.

Siku ya wageni nilifika asubuhi. Niliposhuka kilimani nilidhani nimekosea bonde. Matete hayakuwapo. Mafunjo yalikuwa yamefyekwa, yakalundikwa, yakachomwa, na majivu bado yalikuwa na joto. Katikati ya kinamasi walikuwa wamechimba mtaro mnyofu wa kutoa yale maji waliyoyaita ya kunuka, na matope yote ya juu, meusi, yenye umri mkubwa kuliko kanisa letu, walikuwa wameyakwangua kwa majembe na kuyasukumia humo mtaroni. Mizizi ya mikuyu ilikuwa imepunguzwa ili ikae vizuri. Mawe yamepakwa chokaa. Maua yamepandwa ndani ya magurudumu. Na pale palipobaki udongo mtupu, juu yake, waliona vema kumalizia kwa ufagio. Mistari ilikuwepo, imenyooka. Chura hata mmoja hakusikika.

Mama alikuwa amesimama kando ya mawe meupe, leso imefungwa kiunoni, panga mkononi, jasho usoni, na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu siku kaka alipofunga ndoa.

"Umeona?" akaniambia. "Sasa hata wa Embu waje watazame."

"Ni nani alianza kukata?"

"Ni mimi," akasema. "Wale wengine waliogopa nyoka."

Nilimdharau mama yangu. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mwenyekiti nilikuwa nimezoea kumdharau, ni kama kazi ya ziada niliyoifanya bila malipo. Lakini huyu alikuwa amekunywa maji yale tangu ujana wake, amenilea kwayo, ameapa kutoondoka mpaka yaondoke, halafu akashika panga akayafungulia mlango mwenyewe, ili wageni wa siku moja wasimwone mchafu. Nilitaka kumpokonya lile panga. Nikampokonya ndoo ya chokaa tu, nikaiweka mbali, jambo lisilomsaidia mtu yeyote.

Wageni walifika wakati wa chai. Walikuwa wamevaa vizuri, wamechoka, na baridi yetu ya Agosti ilikuwa imewakunja. Mwenyekiti aliwaongoza hadi ukingoni na kutoa hotuba ndefu. Alisema sisi hapa tunapenda mazingira sana. Alisema hii maji imesafishwa na wananchi wenyewe, bila kusukumwa. Fulana za kijani zilipiga makofi.

Kiongozi wa wageni alikuwa mama wa makamo, mweusi, mwembamba, sauti yake ya chini. Alisikiliza mpaka mwisho. Alitazama mtaro, akautazama ulikoelekea, akatazama tena udongo uliofagiwa.

"Mwenyekiti, kwa idhini yako nikuulize," akasema. "Mahali kama hapa huwa pana tope jingi. La hapa mmelipeleka wapi?"

"Ah, hiyo tulitoa yote," akajibu mwenyekiti, kifua mbele. "Tulipiga mtaro, tukaiachilia, ikaenda na mto."

"Ikaenda na mto," akarudia yule mama taratibu. "Basi tumekwisha kulipokea. Ahsanteni."

Na watu wangu, waliposikia ahsanteni, wakapiga makofi. Wengine walisimama. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki na nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Ukiwa na haya kwa ajili ya watu ambao wenyewe hawana, unabeba mzigo wa kijiji kizima.

Wakati wa nyama niliketi karibu na yule mama. Aliniambia, bila kulalamika, jinsi wanavyoingia kwenye matope maji yakitoka, wanapanda mche mmoja mmoja kwa mkono, na jinsi mikoko inavyopumua kwa mizizi inayochomoza juu. Tope la kawaida wanalijua, wamezaliwa nalo. Lakini siku hizi linakuja tope jekundu, zito, linakaa juu ya ile mizizi na mche unakufa umesimama. Alitaka kuona linakotoka. Nikamwambia ameliona.

"Usiwaone wenzako wajinga sana, mwanangu," akasema. "Kwetu nako wako waliong'oa mikoko ili ufuo upendeze, wageni waone mchanga mweupe. Bahari ikaja ikauchukua mchanga wenyewe."

Nilitaka kumuuliza zaidi, lakini mama yangu alikuwa amefika na sahani ya mukimo kumwongezea mgeni. Na kwa Kiswahili chake cha sokoni akamwambia, "Ile majani yote ni mimi nilikata. Hii mkono."

Yule mama wa pwani aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili. "Pole na kazi, dada," akasema. Mama alifurahi mno. Alilisimulia hilo kwa wiki nyingi, jinsi mtu wa baharini alivyomwita dada.

Mvua za Oktoba zilikuja kwa nguvu, kama zinavyokuja kwetu. Zilikuta bonde tupu. Mtaro ule mnyofu ukawa korongo, mawe ya chokaa yakabingirika, na maua yalienda pamoja na magurudumu yake, nadhani hadi kwa wale wapanda mikoko, wakapate na mapambo. Mwenyekiti alisema ni mipango ya Mungu. Siku hizi kwetu Mungu amepewa kazi nyingi ambazo si zake.

Januari maji yakawa ya kidole. Februari yakawa ya machozi, kisha hata hayo yakakatika. Haikuwahi kutokea, na wazee waliulizwa wakasema haikuwahi kutokea, na baada ya kuwauliza watu waliendelea kushangaa kana kwamba mapanga yalikuwa ya kijiji kingine. Kamati ilikutana. Waliomba, na hilo sina neno nalo. Halafu wakaagiza saruji. Walijenga sanduku kubwa la saruji mahali pa chemchemi, na kabla halijakauka wakaandika juu yake kwa msumari majina ya wanakamati wote. Maji hayakuingia kwenye sanduku. Waliingia buibui, na baadaye kuku mmoja aliyetaka mahali pa kutagia.

Mama alianza kuteka mtoni, kule chini ambako vijana wanasuuza pampu za dawa. Nilimkataza kwa simu, nilimkataza ana kwa ana. Nilimnunulia tangi, lakini tangi bila mvua ni ngoma tu. Aliendelea kwenda. Tumbo likaanza kumsumbua, akakonda, na alipoulizwa alisema ni uzee. Kuhusu matete hakusema neno. Siku moja nilishindwa, nikamwambia yote, pale jikoni kwake, kwa sauti ambayo sikupaswa kuitumia kwa mzazi. Nikamwambia amekata maji yake mwenyewe ili asifiwe na watu ambao hatawaona tena maishani.

Aliendelea kuchochea moto. "Chai yako inapoa," akasema.

Kaka alikuja na pikapu mwezi wa tatu. Mama alikuwa ameshafunga vitu vyake kabla hatujafika. Blanketi, sufuria zake tatu nzito, Biblia, kuku wawili kwenye kikapu. Kaka si mtu mbaya, ila hana breki mdomoni.

"Si ulisema maji yakienda na wewe utaenda?" akamwambia huku anafunga kamba.

"Nilisema," akajibu mama, akapanda mbele, akakaa amenyooka. Gari lilipopita juu ya bonde hakugeuka kulitazama.

Mimi niliomba uhamisho. Nilipata shule karibu na Muthara na nikahamia nyumbani kwa mama, na kijiji kikaamua kwamba ndoa imenishinda huko mjini. Sikuwa nimeolewa, lakini habari njema haizuiwi na jambo dogo kama hilo. Jumamosi yangu ya kwanza nilijaza magunia udongo na mawe nikaziba mtaro. Nililizungushia bonde miiba mbuzi wasiingie. Kwenye bonde jingine la mbali, ambako kwa bahati hakuna kamati, niliomba mashina ya matete na mafunjo, nikayachomeka kwenye unyevu kidogo uliobaki. Baada ya hapo nilifanya kazi ngumu kuliko zote kwa mtu wa kwetu. Sikufanya kitu. Niliacha majani yaote.

Yaliota. Kwanza magugu ya kila aina, halafu ndago, halafu matete yenyewe yakaanza kuinua vichwa. Uwanja wa mama nao niliuacha, nikafagia njia ya mlangoni tu. Watu wakipita njiani walipunguza mwendo. Boma la mwalimu limekuwa msitu, walisema. Akina mama wa kanisa walikuja Jumanne moja na majembe na mapanga, kwa upendo kabisa, kunisaidia. Walisema mama angelia akiona. Niliwasimamisha getini. Mmoja akasema wataniombea, nikamwambia waombe wakiwa kwao, na waache mapanga yao huko huko. Tangu hapo sikualikwa kwenye harambee yoyote, na hiyo pia ilikuwa faida.

Mwenyekiti alipita siku moja kunishauri. Alikuwa na dawa nzuri ya kuua magugu, imefika juzi.

Niliishi hivyo, nikichukiwa kidogo na kuwadharau sana, mvua moja na nyingine. Ningependa kusema nilikuwa na subira. Nilikuwa na hasira, na hasira inaweza kukaa mahali muda mrefu kuliko subira. Nilitaka maji yarudi ili mama arudi, na nilitaka yarudi ili niwaonyeshe, na kuna siku ambazo sikujua ni lipi lililo mbele.

Walitangulia vyura. Halafu, baada ya mvua ndefu, unyevu ulisogea kutoka kwenye mikuyu hadi katikati, na viatu vyangu vikaanza kuzama mahali vilipokuwa havijawahi kuzama. Nilingoja kiangazi, kwa kuwa wakati wa mvua hata barabara inatoa maji. Kiangazi kikaja, kikakaza, mito ya majirani ikabaki mawe, na pembeni mwa lile sanduku la saruji, nje yake, hatua kadhaa kutoka yalipo majina ya wanakamati, maji yakatoka. Membamba, meupe, ya baridi. Nililala kifudifudi nikanywa na mavazi yangu ya shule.

Sikumwambia mtu. Nilimpigia kaka nikamwambia aandae pikapu, tunamrudisha mama Jumamosi. Kaka alinung'unika kuhusu petroli, lakini nilisikia sauti yake imebadilika. Jumamosi nilifika mapema nyumbani kwake. Mama alikuwa sokoni na mke wa kaka, kwa hiyo tukaanza kupakia bila yeye, ili akija akute safari imeshakuwa safari. Tulipakia kitanda chake, godoro, blanketi, zile sufuria tatu.

Alirudi akatukuta tunafunga kamba. Alikuwa amenenepa kidogo, ngozi yake inang'aa kwa maji ya bomba. Alitazama gari, akanitazama mimi.

"Yamerudi," nikamwambia. "Tangu wiki jana. Na ni kiangazi, mama. Twende."

Aliketi kwenye ngazi ya mlangoni. Aliniuliza yanatokea wapi, nikamweleza. Aliniuliza kama ni baridi, nikasema yanauma meno. Akatikisa kichwa polepole, anafurahi, nililiona hilo kabisa.

"Na yale matete?"

"Yapo. Marefu kuliko mimi. Nimeyaacha."

"Na uwanja?"

"Nao nimeuacha, mama. Majani yamefika dirishani."

Mke wa kaka alipita na karai la mboga, akaingia ndani.

"Basi rudi peke yako, mwari," akasema. "Mimi niache hapa. Nikirudi nitayakata."

"Hutayakata. Sasa unajua."

"Nilijua," akasema. "Hata siku ile nilijua. Wewe ulisema pale kanisani, na mimi nilijua unasema kweli, niliyaona hayo kabla hujazaliwa. Lakini niliona wageni wanakuja, na nyumba yangu iko juu ya kichaka, na nikasema watu wataniona vipi." Alifungua viganja vyake akavitazama. "Sasa nitakaa siku mbili, tatu. Ya nne nitaamka na panga. Najijua."

Nilikuwa na maneno. Miaka yote nimekuwa na maneno, kwa mwenyekiti, kwa kamati, kwa watu wa fulana za kijani, na mengine nilikuwa nimemwekea yeye. Nilitafuta moja la kumjibu nikalikosa, kwa sababu katika bonde lile lote hakuna mtu mwingine aliyewahi kujisema hivyo, nami nikiwemo.

"Yanywe wewe," akasema. "Wala usimruhusu mtu kuingia na panga pale. Hata mimi nikija kukutembelea."

Kaka alikuwa ameshaanza kufungua kamba. Nilishika upande wangu wa kitanda, tukakishusha, tukakirudisha ndani.